Tuwaambie Wakutubi Vitabu Tunavyovitaka



Safari hii hatuzungumzii mshahara, wala mizani ya majani, wala nyapara anayekata kilo. Tunazungumzia vitabu. Wako watakaosema, "Chama kimekosa kazi." Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Jumamosi moja tulikwenda mjini kumwona afisa wa kazi. Afisa hakuwapo. Mvua ikaanza kunyesha, tukajikinga barazani pa maktaba ya wilaya. Kwa muda wa miaka kumi na moja tumepita mbele ya maktaba ile na hatujapata kuingia hata siku moja. Tulidhani ni mahali pa walimu na wanafunzi, si pa watu wenye viatu vya matope. Kosa hilo ni letu, na tunalikiri mbele yenu.

Mama mkutubi alituona, akatukaribisha ndani. Tulimkuta anafunga vitabu kwa kamba ya katani. Tulipotazama tukaona ni vitabu vya Kiswahili.

"Mama, vitabu hivi vinakwenda wapi?"

"Vinakwenda stoo, ndugu zangu. Yamekuja maboksi ya Kiingereza kutoka ng'ambo na rafu hazitoshi."

Tulisikitika, tukamwambia kwamba Kiswahili ndicho tunachosemeana mashambani. Hapo alifungua daftari la maazimo akatuonyesha. Mwaka mzima hapana mtu aliyeazima kitabu cha Kiswahili hata kimoja. Akasema, "Mkubwa wangu akiniuliza rafu hii ni ya nani, nimjibu nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulisimama pale kama watoto waliokosa shuleni.

RAFU HAINA MWENYEWE

Wasomaji wetu wa Uganda wanajua habari ya Kiswahili hapa kwetu. Kwa miaka mingi kiliitwa lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na mateso ya utawala wake yakawafanya wengi wakichukie zaidi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Lakini sisi wa mashambani hatukungoja sheria. Katika laini moja ya mashamba ya chai hukaa Mkiga, Mlugbara, Mkongo na Mnyarwanda, ukuta kwa ukuta. Wanasalimiana kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, na siku ya mgomo wanapatana kwa Kiswahili. Hata hivyo, mtu akijifunza kusoma katika darasa la jioni, hapati cha kusoma. Baada ya miaka miwili herufi zinamtoroka. Anarudi kutia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua.

Jirani zetu wa Tanzania waliliona jambo hili mapema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walifundishwa kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, cha migomba na cha ufugaji. Lakini ilionekana pia kwamba aliyejua kusoma jana atasahau kesho asipokuwa na cha kusoma. Ndipo zikaanzishwa maktaba za vijijini, na mwaka 1974 likaanza gazeti la vijijini katika mikoa ya kando ya Ziwa, nalo likaitwa Elimu Haina Mwisho. Jina hilo peke yake ni somo.

MKUTUBI HUNUNUA KINACHOULIZWA

Tulimwuliza yule mama vitabu vya maktaba vinachaguliwaje. Alitueleza wazi, nasi tunawaeleza ninyi.

Kwanza, fedha ni kidogo, na mkutubi hawezi kununua kitabu kwa kubahatisha. Pili, vingi vinakuja kwa msaada. Shirika la Book Aid International la London limekuwa likileta vitabu Afrika kwa miaka mingi, na wakutubi wanalishukuru. Lakini mla cha kupewa hachagui sana, na vingi vya vitabu hivyo ni vya Kiingereza. Tatu, mkutubi hutazama daftari. Kinachoazimwa hubaki, kisichoazimwa huondoka. Nne, na hili ndilo hatukulijua, kila msomaji ana ruhusa ya kupendekeza kitabu. Kalamu ipo, karatasi ipo. Wanafunzi wanapendekeza vitabu vya mitihani, kwa hiyo vya mitihani ndivyo vinavyoletwa. Wafanyakazi hawapendekezi kitu, kwa hiyo mambo yao hayamo.

Basi si kwamba mkutubi anatudharau. Hatujamwambia. Mtoto asiyelia atanyonya lini?

WASOKOTA SIGARA WA HAVANA

Jambo la wafanyakazi kujichagulia vitabu si geni duniani. Tutaje mfano mmoja kutoka mbali, kwa wafanyakazi wa tumbaku wa Cuba, maana hata sisi wengine tumetoka wilaya za tumbaku.

Mwezi wa Desemba 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokota sigara walianza kumweka mwenzao mmoja awasomee kwa sauti huku wao wakisokota. Hawakumwomba tajiri amlipe. Walichanga kutoka katika mishahara yao. Kitabu cha kusomwa walikichagua wenyewe, kwa kura. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini walijua magazeti na hadithi za waandishi wakubwa kwa kusikia. Kitabu kimoja cha Alexandre Dumas, The Count of Monte Cristo, walikipenda mno, na inasemekana kwamba sigara mashuhuri ziitwazo Montecristo zilipata jina lake humo.

Serikali ya kikoloni ya Hispania ilipiga marufuku usomaji huo mwaka 1866, maana waliona mfanyakazi anayesikiliza kitabu huanza kuuliza maswali. Baadaye ulirudi. Wacuba waliohamia Tampa, Marekani, walikwenda nao, mpaka matajiri wa viwanda vya huko wakawaondoa wasomaji mwaka 1931 na mahali pao wakaweka redio. Huko Cuba kwenyewe wasomaji wapo viwandani hata leo.

Tumeutaja mfano huu kwa sababu nasi tumeujaribu, kwa namna yetu ndogo.

JIONI KATIKA LAINI

Siku ile ya mvua tulimwomba mama asivipeleke vitabu stoo kwa muda wa miezi mitatu. Alikubali, lakini akasema, "Mjiandikishe, na muazime." Hapo tukakuta kizuizi. Fomu ilitaka mdhamini, naye awe mtumishi wa serikali au mwalimu. Mchuma majani atamjua nani? Tulikaa na mama tukazungumza, yeye akazungumza na mkubwa wake, na ikakubaliwa kwamba tawi la chama litawadhamini wanachama wake. Kitabu kikipotea, tawi litalipa. Ndugu, hayo nayo ni mapatano, ingawa hayakuhusu mshahara.

Kitabu cha kwanza tulichoazima ni mchezo wa kuigiza, Nitaolewa Nikipenda. Tulikisoma jioni nje ya nyumba za laini, baada ya posho, kwa taa ya sola, kurasa chache chache. Kijana mmoja alisoma maneno ya baba, mama mmoja akasoma ya mke, wengine wakasikiliza.

Mchezo huo unamhusu Kiguunda, kibarua wa shamba, mwenye ekari moja na nusu tu. Tajiri wake anaitaka ekari hiyo kwa ajili ya kiwanda cha dawa za wadudu. Kiguunda anashawishiwa kufunga harusi kubwa ya kanisani, anakopa benki kwa kuweka rehani hati ya ardhi, na mwisho ardhi inakwenda.

Tulipofika mahali hapo, mzee mmoja aliinuka akaenda zake gizani. Tulidhani amechoka. Kesho yake alikuja kwetu na bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya mkopo aliyoitia dole gumba mwaka uliopita, na hakuna aliyewahi kumsomea. Alisema, "Someni hii kama mlivyosoma ile ya jana."

Tuliisoma. Alikuwa ameweka rehani kiwanja chake cha nyumbani kwao, naye alidhani ameweka baiskeli. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Tawi lilichanga, mzee akauza mbuzi wawili, deni likalipwa siku nne kabla ya tarehe. Hatusemi kwamba kitabu ndicho kilichookoa kiwanja. Kiwanja kimeokolewa na mchango na mbuzi. Lakini bila kitabu kile bahasha isingefunguliwa.

VITABU TUNAVYOVIPENDEKEZA

Kwa hiyo tunawaletea orodha. Vingine ni vipya, vingine ni vya zamani lakini bado vinatufaa. Mpelekeeni mkutubi wenu.

1. Nitaolewa Nikipenda, cha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ndicho tulichokieleza hapo juu. Kiliandikwa kwa Kikikuyu, na kiliigizwa mwaka 1977 Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, na wakulima na wafanyakazi wa viwandani na mashambani wenyewe. Serikali iliuzuia mchezo huo mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Aliwekwa kizuizini mpaka Desemba 1978 bila kushitakiwa. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1982.

2. Shetani Msalabani, cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Hiki alikiandika akiwa kizuizini Kamiti, juu ya karatasi za msalani. Ni hadithi ya wezi wa kisasa wanaoshindana nani hodari zaidi wa kuwaibia watu. Kilipotoka kwa Kikikuyu mwaka 1980, watu walisomeana kwa sauti majumbani na katika vilabu vya pombe, kama wale wa Havana. Ngũgĩ alifariki mwezi wa Mei 2025. Itakuwa aibu maktaba zetu zikose kazi zake.

3. Kuli, cha Shafi Adam Shafi, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1979. Kinaeleza maisha ya wapakizi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, mgomo ulioanzia bandarini ukaenea mjini kote. Atakayetaka kujua umoja hujengwaje mtu kwa mtu, asome kitabu hiki. Hatujaona kingine cha Kiswahili kinachomfaa mwakilishi wa chama kuliko hiki.

4. Peponi, cha Abdulrazak Gurnah. Huyu ni mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Vitabu vyake vyote ameviandika kwa Kiingereza. Hiki kilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikakitoa kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kinamhusu Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Wenzetu waliokulia katika nyumba za deni wataelewa bila kufafanuliwa. Mkutubi akitaka kitabu kipya kwanza, mtajieni hiki.

5. Mungu Hakopeshwi, cha Zainab Alwi Baharoon. Mswada wake ulipata tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Kinahusu mambo ya ndani ya nyumba, ukali wa mume na baba. Tunakipendekeza kwa wanaume wa chama hasa, maana tukidai haki mbele ya meneja na kuinyima nyumbani, sisi nasi ni manyapara.

6. Wimbo wa Lawino, wa Okot p'Bitek wa Gulu, Mganda mwenzetu, uliotafsiriwa na Paul Sozigwa na kutolewa mwaka 1975. Mwanamke wa kijijini anamlalamikia mume wake msomi anayemdharau. Walipousikia, wenzetu wa Kaskazini walicheka mpaka machozi. Ni kitabu cha zamani na si rahisi kukipata dukani, ndiyo sababu maktaba ikitafute.

7. Mahali Pasipo na Daktari. Kitabu hiki cha tiba kilianza kwa Kihispania kwa ajili ya wakulima wa milimani Mexico, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Kinaeleza kwa picha namna ya kumpa maji mtoto anayeharisha na namna ya kufunga jeraha. Tahadhari moja: ombeni chapa ya karibuni kabisa, kwa kuwa dawa zinabadilika. Nacho si badala ya zahanati.

8. Kamusi Kuu ya Kiswahili, ya Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, yaani BAKITA. Katika mapatano na mwajiri, neno moja linaweza kuwa na maana mbili, na moja kati ya hizo ikatuumiza. Kamusi ibaki maktaba, nasi tuiendee.

Kwa vitabu vipya vijavyo, mwambieni mkutubi atazame washindi wa tuzo mbili. Moja ni hiyo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal-Cornell. Fedha zake zimetoka pamoja na kampuni ya mabati, kwa hiyo jasho la wafanyakazi limo, nasi tuna haki ya kuvisoma vitabu vyake. Ya pili ni Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ya Tanzania, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023.

NAMNA YA KUOMBA

Maneno ya mdomo husahauliwa. Andikeni. Mkutubi hahitaji Kiingereza kigumu, anahitaji mambo manne: jina la kitabu, jina la mwandishi, jina la mchapishaji kama mnalijua, na sababu ya kukitaka. Barua yetu ilikuwa hivi:

"Kwa Mkutubi wa Wilaya. Sisi wanachama wa tawi, ambao majina na sahihi zetu ziko hapa chini, tunaomba maktaba itupatie kitabu kiitwacho Kuli, kilichoandikwa na Shafi Adam Shafi. Tunakitaka kwa sababu kinaeleza kazi kama zetu, na tuko watu ishirini na watatu tutakaokiazima. Tunaahidi kukitunza. Ahsante."

Angalieni maneno "ishirini na watatu". Mkutubi atayachukua hayo na kumwonyesha mkubwa wake. Ombi la mtu mmoja ni ombi, la watu ishirini na watatu ni hesabu.

Ombeni pia sanduku la vitabu. Maktaba inafungwa saa kumi na moja jioni, na mizani ya majani inafungwa saa hiyo hiyo. Kwa hiyo tumepatana na mama kwamba kila mwezi tunachukua vitabu kumi na tano katika sanduku la bati, tunavitia sahihi, tunavirudisha mwezi unaofuata. Mmoja wetu huweka daftari.

Na tusisahau wajibu wetu. Kitabu si karatasi ya kufungia karanga. Asiyekirudisha anamnyima mwenzake na analitia tawi hasara. Na tukiomba kitabu kikaletwa, kisha kisiazimwe, mwaka ujao hatutasikilizwa. Afadhali kuomba vitabu vitatu vikasomwa mpaka majani yake yalegee, kuliko kuomba thelathini vikalala.

MSHAHARA KWANZA?

Katika mkutano wa tawi ndugu mmoja alisimama akasema, "Chama kitupatie mshahara kwanza, vitabu baadaye." Alipigiwa makofi, wala hatumlaumu. Mwenye njaa hashibi hadithi.

Tulimjibu kwa swali moja. Katika mkono wake alikuwa na nakala ya mkataba wetu wa hali bora. Tulimwomba atusomee kifungu cha malipo ya saa za ziada. Alikitafuta, hakukiona. Mkataba huo umetiwa sahihi kwa niaba yake, umo mfukoni mwake, na kwa miaka miwili hakujua kwamba anadai. Sasa yeye ndiye anayeweka daftari la sanduku la bati, na kifungu hicho anakijua kwa moyo.

Rafu ya Kiswahili bado ipo mahali pake. Si kubwa, ni ubao mmoja tu, na miezi mitatu tuliyoiomba imekwisha pita. Juma lililopita tulimwuliza mama mkutubi kama bado anafikiria kuviondoa vitabu. Alitufungulia daftari lile lile. Ukurasa ulikuwa umejaa, na mahali pengine badala ya sahihi palikuwa na alama ya dole gumba. Alisema hao ndio wanaoazima ili wasomewe, na kwamba wawili kati yao wameanza kuandika majina yao.

Kazi kwenu sasa, matawi yote. Jumamosi ijayo, mtakapokwenda mjini kwa shughuli nyingine, pitieni maktaba. Futeni matope ya viatu mlangoni, muingie, mpeni mkutubi orodha hii. Kisha tuandikieni mtuambie amewajibu nini.

Umoja ni nguvu.